Rangi ya Mzee Ombati

Watu husema nimestaafu. Ni neno la heshima, nami nimeliacha lisemwe. Ukweli ni kwamba mashine niliyoifanyia kazi iliuzwa kama chuma chakavu, ikapakiwa kwenye mkokoteni mbele ya macho yangu, na mtu asiye na mashine hana pa kuripoti kesho yake. Nayaandika haya kwa ajili yenu mnaochapa picha kwenye vibanda vya Kisii mjini, Nyamira na masokoni, na kwa ajili yenu mlionunua printa mkaiweka sebuleni kando ya televisheni. Mmoja wenu aliniuliza juzi, "Mama Akinyi, huko labu mlikuwa mnafanya nini hasa siku nzima? Si ni kubonyeza tu?" Nikaona heri nijibu kwa maandishi, maana kwa mdomo ningemtukana.

Nilikuja Kisii kutoka upande wa ziwani nikiwa bado sijaolewa, sijui Ekegusii zaidi ya salamu, na nilipata kazi kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri wa kuandika majina kwenye bahasha za picha. Labu ilikuwa chini ya jengo la ghorofa, duka la vitambaa upande huu, duka la dawa upande ule. Tuliiita labu kwa sababu hakuna aliyekuwa na muda wa kusema maabara. Siku ya kwanza nilipofungua mlango wa chumba cha mashine, harufu ya dawa za kusafishia picha ilinikaba koo, harufu ya siki na kitu kingine ambacho mpaka leo sijui nikiite nini. Mtu aliyekaa mbele ya mashine hakugeuka.

"Funga mlango," akasema. "Vumbi inaingia."

Huyo ndiye Mzee Ombati. Hakuwa mzee wakati huo, ila alikuwa na uzito fulani uliofanya hata watu wa rika lake wamwite Mzee. Kwao ni Magwagwa, kule Nyamira. Alikuwa Msabato wa kweli kweli, na kila Ijumaa aliondoka mapema ili jua lisizame akiwa njiani. Juu ya jicho lake la kushoto kulikuwa na kovu la jembe, alipokatwa na ndugu yake wakilima wakiwa watoto, na alipokuwa anafikiri alilikuna kovu hilo kwa kidole gumba. Mimi na yeye tuliongea Kiswahili, changu cha ziwani na chake cha milimani, na tulielewana miaka yote ile bila mkalimani.

Alinipa rundo la picha. "Toa zile mbaya," akaniambia.

Nikatoa zenye ukungu, za watu waliofumba macho, na moja ya bwana harusi aliyekatwa kichwa. Akazitazama, akanirudishia.

"Hizi ameharibu mwenye kamera. Mimi nataka zile tumeharibu sisi."

Sikuona hata moja. Akachukua picha mbili za mtoto mmoja, akanipeleka mlangoni kwenye mwanga wa nje, akaziweka kando kwa kando. Ni mtoto yule yule, amesimama mbele ya ukuta ule ule, lakini katika moja alionekana mtoto mzima na katika nyingine alionekana ametoka kuugua malaria. "Umeona? Hii imekula kijani," akasema. Nilikaa kwenye mlango ule siku nyingi kabla macho yangu hayajaanza kuona bila kuambiwa.

Hapo mlangoni ndipo nilipojifunzia kazi. Taa za ndani zinadanganya, ile mirija mirefu ya dari inamwaga kijani juu ya kila kitu. Na mchana wa Kisii mnaujua, mawingu ya mvua yakishakaa, mwanga wenyewe unaingia bluu. Kwa hiyo Mzee alikuwa anaamua rangi asubuhi, na mchana tunakata karatasi, tunajaza dawa, tunapanga bahasha. Mashine ilikuwa na vitufe vinne vya kurekebisha: samawati, majenta, manjano na giza. Ukiuacha uamuzi kwa mashine, inajiamulia kwamba dunia nzima ina rangi ya kijivu kisha inamsukuma kila mtu aelekee huko. Ukimpiga picha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, mashine inamfanya makaa. Ukimpiga mbele ya migomba, inamfanya majivu. Sisi tulikuwa tunamrudisha alipokuwa.

Kuna kwaya moja ya Wasabato iliyotoka upande wa Birongo ambayo sitaisahau. Walikuwa wameshona gauni mpya za zambarau, wamepigwa picha, na zambarau ile ikatoka bluu. Kuna vitambaa vya namna hiyo, filamu ilikuwa haivielewi. Sasa bluu ilikuwa sare ya kwaya ya kanisa jirani, ambayo hawakuwa wanasalimiana nayo vizuri tangu mashindano fulani. Walikuja akina mama kama kumi, mwenyekiti wao mbele, ameshika gauni mkononi kama kielelezo cha mahakamani.

"Mmetuhamisha kanisa!" akasema. "Wale watu wakiona hii picha si watacheka mpaka wakufe?"

Mzee akasema waache gauni. Akalitundika kando ya mashine, akahangaika nalo asubuhi nzima, kisha akawaita. "Kina mama, nikirudisha gauni, uso zinaharibika, zinakuwa nyekundu kama nyanya. Nikirudisha uso, gauni inarudi bluu. Mnataka gauni ama mnataka uso?"

Wakajadiliana kwa Ekegusii kwa muda mrefu. Wakachagua gauni.

Aliwachapia kama walivyotaka, kwa sababu mteja ni mteja. Lakini walipoondoka alilikuna kovu lake akaniambia, "Mama Akinyi, siku moja watoto wao watatafuta mama yao kwa hiyo picha. Watapata kitambaa." Nilicheka. Nilikuwa nimeshaolewa na kuzaa wakati huo, na bado nilikuwa mtoto.

Jumamosi nilibaki peke yangu na mashine, yeye akiwa kanisani. Mwenye labu alilalamika sana juu ya hilo, kwamba Jumamosi ndiyo siku ya harusi za Wakatoliki na mtu wake mkuu ameketi Magwagwa anaimba. Mzee hakubishana. Hakuja tu. Ndivyo nilivyoshika kazi, kwa kuachwa. Bibi harusi mmoja aliniambia nimfanye mweupe kidogo, awe kama watu wa kwenye kalenda. Nikamwambia Jumatatu. Jumatatu Mzee alichapa mbili, moja kama alivyo na moja kama alivyotaka, kisha akasema mama yake mzazi aje achague. Mama akashika ile nyeupe, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akauliza, "Na huyu ni wa nani?"

Lakini kazi yenyewe, ile iliyotufanya tujulikane, ilikuwa ya Alhamisi. Mazishi mengi ya huku yalikuwa yanaangukia siku hiyo mchana au Ijumaa asubuhi, na watu walikuja kutengeneza picha kubwa ya marehemu, ile inayobebwa mbele ya jeneza na kuwekwa juu ya kiti karibu na kaburi, halafu inatundikwa sebuleni maisha yote. Mara nyingi walikuwa na kitambulisho tu, au picha ya harusi ya mtu mwingine ambayo marehemu amesimama nyuma ya watu, nusu ya uso. Mzee alikuwa na utaratibu wake. Aliuliza kwanza, "Alikuwa na rangi ya nani kati yenu?"

Hapo ugomvi. Huyu anasema alikuwa kama mimi, yule anasema hapana, alimfuata shangazi. Mzee anasubiri. Wakishakubaliana, anamchukua yule ndugu mpaka mlangoni, anamwambia akunje mkono wa shati, na anaweka kipande cha picha kwenye mkono ule, juu ya ngozi, kwenye mwanga wa asubuhi. Anarudi ndani, anabonyeza, anachapa kipande kingine, anarudi tena mlangoni. Nimeona wazee wazima wamesimama pale na mikono imenyooshwa, watu wa sokoni wanapita wanatazama. Nimeona kijana anaangalia kipande cha uso wa baba yake kimelala kwenye mkono wake, hakionekani kinaanzia wapi wala kinaishia wapi, akaanza kulia pale pale barabarani. Picha ikishafika hapo, Mzee anasema, "Bono," yaani sasa, na ndipo anachapa kubwa.

Mkiniuliza tulikuwa tunafanya nini siku nzima, ndiyo hiyo.

Kisha zikaja kamera za dijitali, na sikuzichukia. Mwenye labu alinunua mashine mpya inayosoma kadi, lakini karatasi ilikuwa ile ile na dawa ni zile zile. Wachongaji wa Tabaka walikuja na picha za viboko na vinyago vyao vya mawe, wanataka mnunuzi wa mbali aone rangi halisi ya jiwe asije akarudisha mzigo. Walileta na jiwe lenyewe mfukoni. Hao walituelewa kuliko mapadri na walimu wote tuliowahi kuwahudumia.

Kilichotuua ni simu na printa ya nyumbani, na nitawaeleza vizuri kwa sababu mnapenda kusema tulikufa kwa uzembe. Dawa ya labu ni kama maziwa, isipotumika inachacha. Mashine inahitaji picha nyingi kila siku ili dawa mpya iingie na ya zamani itoke. Wateja wakipungua, dawa inalala, nyeupe inaanza kuwa na umanjano na nyeusi inakosa nguvu. Mteja aliyebaki anaona picha mbaya, naye anaondoka, na dawa inazidi kulala. Kwa hiyo kila mwalimu aliyenunua printa yake alikuwa anaharibu picha ya jirani yake ambaye hajanunua. Hakujua, na hata angejua asingejali.

Sisemi printa haina faida. Picha ya pasipoti, kazi ya mtoto ya shule, kadi ya kuzaliwa, chapa nyumbani, hakuna atakayekufa. Lakini mnanunua wino wa chupa usiojulikana umetoka wapi, mnajaza kwa bomba la sindano, mnaweka karatasi ya kung'aa, mnaona ni sawa. Mnaitundika picha mkabala na dirisha, na baada ya misimu miwili ya mvua ule wekundu unakimbia, mtu anabaki kijani na bluu. Na printa ikikaa mwezi bila kazi, wino unaganda kwenye vitundu na mnachapa mistari. Hata hiyo inakufa kwa kukaa bure kama yetu. Tofauti ni kwamba yenu mnaitupa mnanunua nyingine.

Mzee aliondoka kazini kabla yangu, akarudi Magwagwa kwa majani chai yake na ndizi zake. Mwenye labu alikuwa amefariki, na mwanawe ndiye alikuwa bosi, kijana mwenye haraka ambaye aliingia kwenye chumba cha mashine akiwa ameziba pua. Mimi nilikuwa nimepunguza kazi mpaka Alhamisi peke yake. Nilikusanya maagizo ya wiki nzima, nikayachapa kwa siku moja, ili dawa ipate angalau siku moja ya kuishi. Bosi akasema hataagiza dawa nyingine, hii ikiisha tumefunga.

Nilimpigia Mzee simu nikamwambia. Akasema, "Usimwage. Nakuja Alhamisi."

Alipoingia sikumtambua mara moja. Ugonjwa wa tumbo ulikuwa umemkausha, koti limemkaa kama limetundikwa kwenye msumari. Alikuwa amevaa shati jeupe na tai nyekundu, na amenyoa. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akapumzika, akaniambia nimpige picha pale pale mlangoni na kamera ya studio.

"Nimetengeneza marehemu wa watu wote," akasema. "Yangu sitaki mtu abahatishe. Wajukuu wangu wanijue."

"Mzee, usiongee hivyo."

"Naongea namna gani? Piga picha, mwanga inapotea."

Nikampiga. Akatabasamu kidogo sana, upande mmoja, kama alivyokuwa anatabasamu picha ikitoka sawa. Kisha akaomba kiti chake cha zamani, akakaa mbele ya mashine, na akajirekebisha mwenyewe. Dawa ilikuwa imechoka na alilazimika kuipigania, giza juu, manjano chini, tena, tena. Kila kipande kilipotoka tulikwenda mlangoni, akakunja shati, akaweka uso wake juu ya mkono wake. Mara ya mwisho nilitazama nikaona kovu, mvi za ndevu zilizosalia kwenye kidevu, na weusi wake ule wenye wekundu kwa chini ambao mashine haikuwahi kuupata yenyewe. Nilikuwa nimekaa jirani na mtu huyu nusu ya maisha yangu na ndipo nilipomwona. Nililia, sioni haya kusema.

"Bono," akasema.

Nikaiweka kwenye fremu ya kioo, ile ya mbao nzito, nikaifunga kwa gazeti. Akaondoka nayo kifuani. Dawa haikumaliza wiki tatu, bosi akafunga, mkokoteni ukaja.

Mzee alifariki msimu wa mvua. Nilikwenda Magwagwa kumzika. Nilipofika boma lilikuwa limejaa, hema zimefungwa, kwaya inaimba, na kwenye lango kulikuwa na bango kubwa la plastiki lenye picha. Nilisimama nikadhani nimeingia kwenye msiba wa watu wengine. Mtu kwenye bango alikuwa na ngozi laini kama ya mtoto, rangi ya chai ya maziwa, mashavu yamejaa, kovu hakuna. Picha ile ile ndogo ilikuwa juu ya kiti kando ya jeneza, imezungukwa na maua ya plastiki. Nilizunguka nikitafuta ile ya fremu. Haikuwepo.

Binti yake Nyaboke ndiye aliyeandaa. Anafanya kazi Nairobi, na nilimfahamu tangu akiwa anakuja labu na sare ya shule kumngoja baba yake. Alinikumbatia, akanishika mkono.

"Aunti, hiyo picha umeiona? Nilichukua kwa simu yangu Krismasi ile nyingine, nikaipitisha kwa filta, nikaichapa mwenyewe nyumbani. Imetoka poa, eti?"

"Na ile aliyotengeneza mwenyewe?"

"Ile ilikuwa nyeusi sana, Aunti. Na amekonda. Sikutaka watu wamkumbuke akiwa mgonjwa."

Nilitaka kumwambia mambo mengi. Nilimtazama macho yalivyovimba, nikaona anampenda baba yake kuliko mimi nilivyompenda, na kwamba amemfuta kwa upendo huo huo. Nikamwambia pole. Bosi kijana alikuwa amekuja na gari, akapewa nafasi ya kusema. Alisema Mzee Ombati alikuwa nguzo ya labu. Alisema tutamkumbuka kwa picha zake. Niliangalia chini mpaka alipomaliza.

Baada ya mazishi, mama yake Nyaboke aliniita chumbani. Ni mama mpole, macho yake yana mtoto wa jicho. Alitoa ile fremu nyuma ya kabati, bado ina gazeti langu.

"Chukua wewe," akaniambia. "Hapa watoto hawaitaki, na mimi sioni. Wewe unajua kuiweka."

Kwa hiyo Mzee Ombati wa Magwagwa akahamia kwangu Kisii mjini, kwenye nyumba ya kupanga, mbali na dirisha. Jamaa zangu wa ziwani wakija wanauliza huyu ni jaduong' gani, mzee wa ukoo upi, na mimi nasema ni mwalimu wangu. Wanatazamana. Mtu aliyetaka wajukuu wamjue alikuwa anajulikana na wageni wa nyumba yangu na mwenye nyumba akija kudai kodi. Jambo hilo lilinikera kila siku nilipoipangusa ile fremu. Nilikuwa na hasira na Nyaboke, na bosi, na printa, na hata yeye mwenyewe Mzee kwa kufa kabla hajawaambia watoto wake wazi.

Ulipokaribia mwaka, Nyaboke akanipigia. Familia ilikuwa inaandaa ukumbusho. Sauti yake ilikuwa imepungua kujiamini. "Aunti, ile ya sebuleni imeharibika. Imekuwa kijani. Mtoto wangu anaiogopa. Na kwenye simu siipati, ile simu iliibwa. Ile ya baba bado unayo?"

Nisiseme uongo, moyo wangu uliruka. Nilijiambia, sasa ndio wakati. Nikaisafisha fremu, nikaifunga kwa leso, nikaipakata mpaka Magwagwa. Nilipoifungua kwenye kiti cha sebuleni, watu waliinuka. Ndugu yake Mzee, yule yule wa jembe, alisogea, akaweka kidole juu ya kioo penye kovu, akasema neno moja kwa Ekegusii na kugeukia ukuta. Mama alishikwa mkono akaletwa karibu kabisa, pua inakaribia kugusa kioo. "Ee," akasema. "Ndiye huyu. Ndiye huyu mwenyewe." Wajukuu wakapanga foleni kumwona. Nyaboke alikuwa analia kwa sauti, akinishika bega, akisema, "Nilikosea, Aunti, nilikosea sana, angalia alivyo." Kwa dakika chache kazi yangu yote ilikuwa na maana, na ningeweza kufa pale na kufurahi.

Kisha Nyaboke akapangusa macho. "Kila nyumba lazima iwe na hii," akasema. "Nitawachapia wote." Akatoa simu.

"Subiri nitoe kioo," nikamwambia. "Au nipe siku mbili, kuna labu bado inafanya kazi Kisumu, nitakwenda nayo mimi."

"Hapana, Aunti, usisumbuke. Itatoka tu." Alikuwa ameinyanyua fremu mpaka mlangoni penye jua, mpwa wake ameishika, na alikuwa ameshapiga.

Printa aliibeba kutoka Nairobi kwenye gari. Ilikuwa mezani chumbani, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ilikoroma mchana wote, na watu wakala, wakaomba, wakaimba, na kabla ya kuondoka kila nyumba ikapewa picha moja ndani ya bahasha ya plastiki. Mimi pia nilipewa, kama shukrani. Nyaboke aliniletea kwa mikono miwili, akiinamisha kichwa kwa heshima.

Nikaitoa kwenye bahasha, nikaipeleka mlangoni. Uso wa Mzee ulikuwa wa kijivu, na hilo nililitarajia. Lakini kioo kilikuwa kimerudisha mwanga, na katikati ya shati lake jeupe, juu ya tai, kulikuwa na mikono miwili ya binti yake imeshika simu, na nyuma ya simu kivuli cha kichwa kisicho na uso. Niliangalia za wengine walipopita. Zote zilikuwa hivyo. Watu walikuwa wanazibusu na kuziweka ndani ya Biblia.

"Imetoka poa, eti, Aunti?" Nyaboke akauliza.

Mama yake alikuwa ameketi karibu, amegeuza sikio akingoja jibu langu.

"Imetoka," nikasema, na nikauvuta mkono wa sweta yangu nikaifuta matone ya mvua yaliyokuwa yameanza kuanguka juu yake. Wekundu wa tai ukaja na sweta.